Malengo ya kiroho na unyenyekevu wa mdomoni

Kuna dhana kadhaa potofu kuhusu kujiwekea malengo ya kiroho. Ya kwanza nimeisikia mpaka nimechoka: eti Mkristo mnyenyekevu hajiwekei malengo, anamwachia Mungu tu, ukiandika "mwaka huu naacha hasira" basi tayari unategemea nguvu zako. Sasa Danieli tutamweka wapi? Danieli 1:8 inasema aliazimu moyoni asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme, yaani aliamua, tena mapema. Ila angalia alichofanya baada ya hapo. Alienda kuomba ruhusa, na mkuu wa matowashi alipoogopa kichwa chake kisije kikaondoka, Danieli akamfuata msimamizi akamwambia tujaribu siku 10, halafu linganisha nyuso zetu na za wenzetu, uamue mwenyewe. Azimio halikulegea hata kidogo, lakini alikubali kupimwa na mtu mwingine, tena mtu ambaye hata sio wa imani yake.

Nyingine: ukiahidi kitu kikubwa, kwa machozi, mbele za watu, ndo una nia ya kweli. Petro alisema hata wote wakimwacha Yesu yeye hamwachi, yuko tayari kufa naye. Na hakuwa anaigiza bana, usiku uleule alichomoa upanga mbele ya kundi zima lililokuja na silaha. Masaa machache baadaye anamkana mbele ya mjakazi. Nia ilikuwepo kabisa, alichokosa ni kujijua, na dalili ilikuwa kwenye maneno yake mwenyewe maana alijipima kwa kujilinganisha na wenzake. Ndo maana Yakobo 4:15 anatufundisha kusema "Bwana akipenda", ingawa siku hizi tumeifanya kuwa njia ya kistaarabu ya kutofika kwenye kikao.

Halafu kuna kujiponda. "Mimi si kitu, mimi ni mavumbi tu," mtu anasema na watu wanaitikia amina, jamani ana unyenyekevu huyu! Mwambie huyohuyo kesho yake, "ni kweli, una kiburi," uone uso unavyobadilika. Wakolosai 2:23 inasema wazi kwamba kunyenyekea kwa namna hiyo na kuutesa mwili kunaonekana kama hekima lakini hakuzuii tamaa.

Benjamin Franklin, mwanasiasa na mvumbuzi wa Marekani ambaye hata hakuwa Mkristo wa kufuata mafundisho ya kanisa, alijiandikia orodha ya maadili 12 ya kufanyia kazi, akaona imekamilika. Rafiki yake mmoja wa dhehebu la Quaker akamwambia kwa upole kwamba watu wanamwona ana kiburi na kinajitokeza kwenye mazungumzo, akampa na mifano, ndo akaongeza unyenyekevu ukawa wa 13. Yaani kile ambacho kila mtu alikuwa anakiona, yeye mwenye daftari hakukiona! Na baadaye alikiri kuwa alifanikiwa zaidi kwenye kuonekana mnyenyekevu kuliko kuwa mnyenyekevu, na kwamba hata angekishinda kiburi huenda angeanza kujivunia huo unyenyekevu.

Wengine wanasema kuandika na kujihesabu ni ufarisayo. Hapana. Farisayo wa Luka 18 hakukosea kufunga mara mbili kwa juma, alikosea pale alipomgeuza mtoza ushuru kuwa kipimo chake. Jonathan Edwards, mhubiri wa Marekani wa karne ya 18, alianza kuandika maazimio yake 1722, akiwa hajafika hata miaka 20, yakafika 70, na juu kabisa aliandika kwamba bila msaada wa Mungu hawezi chochote, akajikumbusha ayasome kila wiki. Shajara yake imejaa siku za kukiri kwamba amepoa. Unyoofu gani tena unautaka? Lakini mtu huyohuyo baadaye alimiliki watumwa, na kujichunguza kote kule hakukumzuia. Hili linanisumbua kuliko hadithi ya Petro, kwa sababu moyo unaweza kuwa mnyoofu kabisa kwenye yale unayoyaona huku ukiwa kipofu kwa lililoko ndani ya nyumba yako.

Kuhusu kutangaza au kuficha, Mathayo 6 inakataza kufanya ili utazamwe, haikatazi mtu yeyote kujua, na Yakobo 5:16 inataka tuungamane sisi kwa sisi. Mmoja anatosha, ila asiwe yule anayekusifia kila kitu.

Kwa hiyo badala ya kuandika "niwe mvumilivu" ambayo unaweza kujipa maksi unavyotaka, andika "nisimkatize mke wangu anapoongea", halafu umuonyeshe, umuulize Jumamosi wiki imeendaje. Akisema umemkatiza mara nne usianze kujitetea kwamba mbili zilikuwa za dharura, maana hapo unamkatiza ya tano.