Je, wajua kwa nini Sony, kampuni ya kutengeneza redio na televisheni, iliingia kwenye gemu?

Mwezi Juni 1991, jijini Chicago, Sony iliwaita waandishi wa habari kwenye maonyesho makubwa ya vifaa vya elektroniki ikawatangazia mashine mpya ya gemu iliyokuwa ikiiandaa kwa ushirikiano na Nintendo. Jina lake lilikuwa Play Station, likiandikwa kama maneno mawili. Ingecheza katriji za Super Nintendo na pia diski za CD. Kesho yake, kwenye maonyesho hayohayo, Nintendo nayo ikapanda jukwaani. Ikasema kwamba mshirika wake katika mambo ya CD atakuwa Philips ya Uholanzi.

Kwa kampuni ya Kijapani kuikana kampuni nyingine ya Kijapani mbele ya dunia nzima, tena kwa faida ya mgeni, hiyo ilikuwa fedheha ya kuvuliwa nguo hadharani. Na huyo mgeni hakuwa mtu baki: Sony na Philips ndio waliobuni CD pamoja na kuiingiza sokoni mwaka 1982.

Watu wengi husimulia kisa hiki kama hadithi ya kisasi, na kisasi kweli kilikuwepo. Lakini ugomvi ulikuwa juu ya kitu cha kawaida sana: nani atakusanya fedha kila gemu inapouzwa. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini Nintendo iliamua kuvunja uchumba na kwa nini Sony ilishinda baadaye.

Tuanze na katriji, kile kisanduku cha plastiki chenye chipu ndani kinachochomekwa juu ya mashine. Nintendo ilikuwa imejenga ufalme wake juu ya kisanduku hicho. Kampuni yoyote iliyotaka kutoa gemu ya mashine za Nintendo ililazimika kupata leseni, kisha kuagiza katriji kutoka kwa Nintendo yenyewe. Fedha zinatangulia, halafu unasubiri miezi. Ukiagiza chache na gemu ikapendwa, rafu za maduka zinabaki tupu huku wateja wakihamia kwingine. Ukiagiza nyingi na gemu ikadoda, hasara yote ni yako. Nintendo imeshalipwa zamani. Nchini Marekani, enzi za mashine yao ya kwanza, iliwahi hata kuweka kikomo cha gemu tano kwa mwaka kwa kila kampuni. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya Nintendo, kuliko hata kwa Mario, shujaa wa gemu zake.

Sasa njoo kwenye mkataba. Mwaka 1988 Sony na Nintendo zilikubaliana kwamba Sony itatengeneza kifaa cha CD kwa ajili ya Super Nintendo. Kwenye makaratasi hayo, Sony ilijipatia mamlaka juu ya gemu zitakazotoka kwenye diski. Kwa maneno mengine, katriji zingebaki kwa Nintendo, lakini diski zote, leseni na mrabaha wake, zingepita mikononi mwa Sony. Rais wa Nintendo, Hiroshi Yamauchi, alipotambua uzito wa kifungu hicho aliona kwamba siku diski itakapoishinda katriji, yeye atakuwa mpangaji kwenye nyumba yake mwenyewe. Akawatuma watu wake Uholanzi kimyakimya. Kwa mtazamo wangu Yamauchi hakukosea kuogopa. Namna aliyoichagua ya kutoka ndiyo iliyomtengenezea adui.

Ndani ya Sony kulikuwa na mtu aliyekuwa akiomba nafasi kama ile. Ken Kutaragi, mhandisi, inasimuliwa kwamba alivutwa na gemu baada ya kumwona binti yake akicheza mashine ya Nintendo, akaudhika na sauti mbovu iliyokuwa ikitoka. Alibuni chipu ya sauti kwa ajili ya Nintendo bila wakubwa wengi wa Sony kujua, na chipu hiyo, SPC700, ndiyo iliyoingia ndani ya Super Famicom, jina la Super Nintendo kwa Wajapani, iliyotoka Japani Novemba 1990. Siri ilipofichuka nusura kibarua chake kiote nyasi. Aliyemkingia kifua ni rais wa kampuni, Norio Ohga, mtu wa ajabu kidogo: alisomea uimbaji wa opera, akawa rubani, na alikuwa miongoni mwa walioipigania CD ilipokuwa bado wazo.

Wakubwa wengi wa Sony waliliona gemu kama jambo la kitoto. Sisi ni watu wa televisheni za Trinitron na Walkman, tutauzaje vitu vya watoto? Mwaka 1992, mazungumzo na Nintendo yalipokuwa yamefika ukingoni, Kutaragi alisimama mbele yao akasema njia si kutengeneza kifaa cha kupachika kwenye mashine ya mtu mwingine. Tutengeneze yetu, tena ya picha za pande tatu (3D). Akawakumbusha jinsi walivyotendwa Chicago. Ohga, ambaye hasira ilikuwa haijampoa, alimruhusu.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi katika kisa hiki. Ili maadui wa ndani wasimmalize, Kutaragi na kikosi chake waliondolewa makao makuu wakapelekwa Aoyama, Tokyo, kwenye ofisi za upande wa muziki wa Sony. Ilionekana kama kumficha tu. Kumbe watu wa muziki, akiwemo Shigeo Maruyama, walikuwa wanaijua biashara ya diski kuliko mhandisi yeyote. Walijua kwamba albamu huanza kwa kuchapwa nakala za kiasi. Ikivuma, kiwanda kinachapa nyingine ndani ya siku chache na duka linajazwa tena. Walijua kumlea msanii asiyejulikana. Utaratibu huo wakauhamishia kwenye gemu. Novemba 1993 ikaundwa kampuni maalumu ya kazi hiyo, Sony Computer Entertainment.

Hesabu ya diski ilikuwa ya kutisha. Katriji kubwa kabisa za Super Nintendo zilibeba takriban megabaiti 6. CD moja ilibeba zaidi ya 600, na kuichapa kuligharimu sehemu ndogo tu ya bei ya katriji. Gemu kubwa za Super Famicom zilikuwa zimefikia kuuzwa zaidi ya yeni 10,000 nchini Japani. Za PlayStation nyingi zilianza kwa yeni 5,800. Mchezaji analipa nusu, mtengenezaji anabaki na faida nzuri, na mwenye mashine bado anakata chake kwenye kila diski. Hii ndiyo sababu kampuni za konsoli, yaani mashine za gemu, huweza kuuza mashine yenyewe kwa faida kiduchu, au hata kwa hasara kama Sony ilivyofanya na PlayStation 3 mwaka 2006. Wanajua fedha zitarudi kupitia gemu.

Diski ilikuwa na ila zake, na si haki kuzificha. Ni nzito kusoma. Chipu ya katriji inatoa data papo hapo, ilhali lenzi ya CD inapaswa kwanza kusafiri hadi sehemu inayotakiwa, kwa hiyo mchezaji anakodolea macho neno la kumwambia asubiri. Namco, kwenye gemu yao ya magari ya Ridge Racer, waliligeuza tatizo hilo kuwa burudani: wakati mashine inapakia, unapewa gemu ndogo ya kupiga vyombo vya anga. Ikishapakia, gemu yote imo kwenye kumbukumbu ya mashine, unaweza kutoa diski na kuweka CD yako ya muziki ukakimbiza gari huku unasikiliza nyimbo zako. Ila ya pili ni kwamba diski haiandikiki. Maendeleo yako hayahifadhiki juu yake, ndiyo maana ikaja memori kadi, ikiuzwa pembeni, bei juu. Waliowahi kuazimisha memori kadi ikarudi imefutwa wanajua uchungu wake.

Kuhusu mashine yenyewe nitapita haraka. Ubongo wake ulikuwa wa familia ya MIPS R3000 unaokwenda kasi ya takriban megahezi 33.9, kumbukumbu kuu megabaiti 2, na ya picha megabaiti 1. Pembeni ya ubongo huo kulikuwa na sehemu maalumu ya kupiga hesabu za maumbo ya pande tatu, na hapo ndipo zilipotoka picha zilizowashangaza watu. Simu ya bei rahisi leo inaiacha mbali kabisa. Cha maana zaidi ni kwamba watengenezaji wa gemu waliweza kuiandikia programu kwa lugha ya C waliyokuwa wameizoea, wakipewa maktaba, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari, vya kufanyia kazi. Saturn ya kampuni ya Sega, mpinzani wake wa moja kwa moja, ilikuwa na vichakataji vikuu viwili ambavyo wengi walishindwa kuvifanya vishirikiane vizuri.

Mwonekano wa mashine na pedi yake ni kazi ya Teiyu Goto. Ni yeye aliyeweka alama badala ya herufi kwenye vitufe: pembetatu iwe mtazamo, mraba uwe karatasi au menyu, duara liwe ndiyo na msalaba uwe hapana. Magharibi wakaja kuzigeuza, msalaba ukawa ndio wa kukubali, na Japani yenyewe ikabaki na duara hadi PlayStation 5 ilipotoka mwaka 2020. Mikono miwili ya kushikia pedi, ambayo leo tunaona haiwezekani kuikosa, ilipata upinzani ndani ya kampuni. Ohga ndiye aliyeisimamia.

Kampuni za gemu hazikukimbilia kujiunga. Zilikuwa zimeshaona mashine nyingi zikija na kufa. Kilichozigeuza ni mambo mawili. La kwanza ni kichwa cha dinosau kilichokuwa kikigeuka na kufungua kinywa kwenye skrini, onyesho ambalo Sony iliwaonyesha kuthibitisha kwamba mashine yao haikuwa maneno matupu. La pili lilitoka kwa Sega wenyewe: gemu yao ya ngumi, Virtua Fighter, ilipowika kwenye kumbi za gemu mwaka 1993, kila mtu alielewa kwamba picha za pande tatu ndiko soko linakoelekea. Sega walikuwa wamempigia mpinzani tangazo bila kujua.

PlayStation iliingia madukani Japani tarehe 3 Desemba 1994 kwa yeni 39,800, siku chache baada ya Saturn iliyotoka kwa yeni 44,800. Nakala 100,000 za kwanza zilikwisha mara moja.

Marekani ndiko kulikokuwa na kioja. Mei 1995, kwenye maonyesho ya kwanza ya gemu ya E3 jijini Los Angeles, Sega ilitangaza kwamba Saturn iko tayari madukani siku hiyohiyo kwa dola 399, miezi kadhaa kabla ya tarehe iliyojulikana. Walitaka kumtangulia Sony. Badala yake waliwaudhi wenye maduka ambao hawakupelekewa mzigo, na mmoja wao, KB Toys, akagoma kuuza bidhaa zao. Kisha ikafika zamu ya Sony. Steve Race, mkuu wa upande wa Marekani, aliitwa jukwaani atoe hotuba. Akasogea kwenye kipaza sauti, akatamka bei, 299, akaondoka zake. Ukumbi ukalipuka. Mashine ilianza kuuzwa huko tarehe 9 Septemba 1995.

Nintendo iliposimama tena mwaka 1996 na Nintendo 64, bado iling'ang'ania katriji. Zilikuwa na kasi na ngumu kunakili, lakini kubwa kabisa ilifikia megabaiti 64 tu. Square, watengenezaji wa gemu waliokuwa wamelelewa na Nintendo miaka yote, walikuwa wanatengeneza Final Fantasy VII yenye video nyingi, wakahesabu, wakahama. Gemu ilitoka Japani Januari 1997 ikiwa imejaza diski tatu za PlayStation.

Kunakili, basi. Sony ilijua kwamba CD inaweza kuchomwa na kila mwenye kompyuta, ikaweka mtego: mwanzoni mwa kila diski halisi, mfereji wa data unayumba kidogo, na katika kuyumba huko mna herufi nne zinazotaja eneo la dunia ilikouzwa diski. Mashine isipozisoma inakataa. Mashine za kawaida za kuchomea CD haziwezi kuiga kuyumba huko. Rangi nyeusi ya diski, ambayo wengi waliamini ndiyo ulinzi, ilikuwa pambo. Lakini mafundi waligundua kwamba ukiunganisha chipu ndogo ndani ya mashine ikawa inazitaja herufi hizo nne bila kukoma, lango linafunguka kwa diski yoyote. Kwa njia hiyo PlayStation na mdogo wake PS2 ziliingia kwenye vibanda vya mitaani Afrika Mashariki, ambako mtu alilipia mechi moja ya mpira na diski ya kuchomwa ilinunuliwa kwa bei ya chee. Fundi wa mtaa alikuambia "hii imewekwa chipu" kama anayesifu ng'ombe wa maziwa. Sony haikupata senti kwenye diski zile.

PlayStation ya kwanza ilitengenezwa hadi mwaka 2006, na ilikuwa konsoli ya kwanza ya nyumbani kuvuka mashine milioni 100. Sega ilijitoa kwenye utengenezaji wa mashine mwaka 2001, mwaka uleule Nintendo ilipohamia kwenye diski na GameCube. Lakini mashine ya Nintendo ya mwaka 2017, Switch, ilirudi kwenye vikadi vya chipu, kwa kuwa chipu zilikuwa zimeshuka bei na kuongezeka ujazo. Na PlayStation 5 Pro, iliyotoka Novemba 2024, inauzwa bila sehemu ya kuwekea diski. Anayeitaka huinunua pembeni, asiyeitaka hupakua gemu moja kwa moja kutoka duka la Sony lenyewe.