"Mwache, atazoea": dhana potofu kuhusu kumkosoa mhadhiri mpya

Kila nikitoka kukagua kipindi cha mkufunzi msaidizi mpya hapa Mtwara, atatokea mwenzangu mmoja wa kunivuta pembeni: "Mwalimu, huyu bado mgeni, usimwambie. Utamvunja moyo. Mwache, atazoea." Kati ya dhana zote, hii ndiyo inayonikera zaidi, maana inafanana na huruma.

Anachozoea ni kosa. Kijana ameajiriwa kwa GPA (wastani wa alama za chuo) yake nzuri, na kupata GPA si kujua kufundisha. Anasoma slaidi huku ameligeuzia darasa mgongo, feni inapiga kelele, sauti haifiki nyuma. Anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia ndiyo, naye anasonga mbele. Tukinyamaza, atakuja kuyasoma makosa yake mwisho wa muhula kwenye tathmini za wanafunzi, kwa maneno makali na bila mtu wa kumwelekeza afanyeje. Huko ni kumtupa.

Kinachovunja moyo ni namna ya kusema. Mwaka 1996 watafiti Kluger na DeNisi walipitia tafiti nyingi za mrejesho, wakakuta zaidi ya theluthi moja ya mirejesho ilishusha utendaji, na manufaa hupungua kadiri maneno yanavyoiacha kazi na kumwelekea mtu. Basi usimwambie "hujiamini". Mwambie: "Uliuliza kuhusu unyumbufu wa bei, ukajijibu papo hapo. Alhamisi ukishauliza, hesabu kimoyomoyo hadi tano." Tangu miaka ya 1970 mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu wengi husubiri sekunde moja tu, na wakisubiri tatu au zaidi, wanafunzi hujibu kwa kirefu. Ushauri huu nampa kila mhadhiri mpya, hata asiponiuliza.

Zipo dhana nyingine. "Anza na sifa, chomeka kasoro, funga na sifa." Hapana. Anayesifiwa hivyo anasubiri "lakini" tu. Sifu kinachostahili, na kitaje: "Ulipoeleza ugavi na mahitaji kwa bei za mnada wa korosho, wa nyuma waliacha simu."

"Mseme kikaoni, wote wajifunze." Watajifunza kukuficha makosa yao. Kaeni wawili, siku hiyohiyo.

"Mkaguzi ndiye wa kuongea." Muulize kwanza, "Wewe umekionaje kipindi?" Mara nyingi kasoro ataitaja mwenyewe. Hapo chagueni jambo moja la kurekebisha, na mpangane siku ya wewe kurudi darasani kwake.