Ribiti Laki Tatu: Ufundi wa Wanawake wa Willow Run

Wanawake walioshiriki kuunda ndege za kivita Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia husifiwa kwa uzalendo. Ufundi wao hutajwa kwa nadra, na mimi niliyesomea uhandisi wa ndege naona hapo ndipo wanapopunjwa.

Tuchukue kiwanda cha Ford cha Willow Run, Michigan, kilichounda ndege za mabomu aina ya B-24 Liberator. Ndege moja ilikula ribiti, yaani pini fupi za metali za kuunganisha mabati, zaidi ya 300,000. Wanawake walifikia takriban theluthi ya wafanyakazi, na wengi wao walipangiwa kuzipiga.

Ribiti hupigwa na watu wawili. Mmoja yuko nje na nyundo ya hewa. Mwenzake kajikunja ndani ya bawa, kashikilia kipande kizito cha chuma nyuma ya tundu. Nyundo ikigonga kichwa cha ribiti, mkia wake hubondeka kwenye kile chuma na mabati mawili yakabanana. Hawaonani, na kelele haziruhusu maneno, kwa hiyo wa ndani hugonga bati kwa ishara: imekaa, ongeza kidogo, au ing'oe. Ukizidisha, bati linabonyea. Ukipunguza, ribiti italegezwa na mtikisiko huko angani.

Kuna pia ribiti za aloi ya aluminiamu na shaba zinazopashwa moto mkali, zikapozwa ghafla, kisha zikawekwa kwenye jokofu. Zikitoka kwenye baridi huanza kukakamaa zenyewe, hivyo fundi huchukua za kazi ya muda mfupi tu. Iliyochelewa ikipigwa hupasuka. Enzi hizo walisema wanawake wanaiweza kazi hii kwa sababu wana vidole vyepesi. Si kweli. Waliiweza kwa sababu walijifunza kupima nguvu, muda na sauti ya metali.

Wanawake Weusi mlango waliufikia kwa mapambano zaidi. Hadi A. Philip Randolph, kiongozi Mweusi wa chama cha wafanyakazi, alipotishia kuandamana na maelfu kwenda Washington ndipo Rais Roosevelt, Juni 1941, akapiga marufuku ubaguzi wa rangi katika viwanda vya ulinzi, na bado baadhi ya waajiri waliendelea kuwazungusha.

Kufikia 1944 Willow Run ilitoa takriban ndege moja kila saa. Kazi iliposimama mwaka 1945, zilikuwa zimeundwa 8,685. Wanawake wengi wakaachishwa kazi na ujuzi wao, huku nafasi zilizobaki katika viwanda vya ndege wakitangulizwa wanaume waliorudi kutoka vitani.