Adili na Nduguze: fantasia tuliyoiacha kabatini

Kila nikiwatajia wasomaji wenzangu hapa Mwanza Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, majibu ni yale yale.

"Fantasia ni mambo ya Wazungu." Kitabu kilichapishwa mwaka 1952. Mna majini, mna watu waliogeuzwa manyani, mna mji ambao wakazi wake wamekuwa mawe. Mnataka nini tena? Ule mji wa mawe niliusoma nikisubiri kivuko cha Kamanga, Jiwe la Bismarck likiwa mbele yangu, limechutama majini. Niliacha kusoma nikabaki kulitazama. Nilikuwa kama nasubiri ligeuze shingo.

"Majina yameshamaliza hadithi." Hili ndilo linaloniudhi. Kweli, ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu, kwa hiyo hakuna wa kubahatisha nani mbaya. Utamu hauko hapo. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anafikia kwa Adili, liwali wa Janibu. Usiku anamwona mwenyeji wake, mtu mwenye sifa ya upole, akishika mjeledi na kuwachapa manyani wawili. Akishachapa, analia, anawabembeleza, anawalisha. Usiku wa pili, vile vile. Kwa nini mtu achape anachokililia? Jirani yangu muuza dagaa nilimsimulia mpaka hapo nikanyamaza makusudi. Jua halijachwa, kaja kukifuata kitabu.

"Amenakili Alfu Lela Ulela." Mifupa ya kisa imetoka huko, sibishi. Ila soma Kiswahili chake kwa sauti, sentensi mbili tatu tu, uone sentensi zinavyopimana kama mishororo ya shairi. Na huyu ni mshairi kweli, hajifichi. Kasoro ninayoiona mimi ni nyingine: wema wa Adili umezidi, mahali pengine unatamani naye akasirike kidogo kama sisi.

"Ni cha watoto, ona kilivyo chembamba." Chembamba, ndiyo. Ukianza meli ikiondoka Mwanza, huenda ukamaliza kabla ya kufika Nansio, kule Ukerewe.

Nakala yangu jalada limeng'oka na ina harufu ya dagaa, mnajua kwa nini. Anayeitaka aje, ila mwisho wa hadithi asimwambie jirani yangu. Bado yuko kwenye sura za safari ya baharini.