Hajaumia mtu, lakini taarifa inaandikwa

"Mwalimu, si hajaumia mtu? Sasa tunaripoti nini?"

Swali hili linanifuata katika kila mafunzo ya utoaji taarifa ninayoendesha hapa Dodoma, na anayeuliza mara nyingi si saidia fundi aliyeanza kazi jana. Ni fomani, ni meneja wa kiwanda, na safari hii alikuwa afisa usalama mwenye cheti. Nimechoka kulijibu kwa mdomo.

Chukua winchi inayopandisha zege ghorofa ya nne. Kamba inakatika, ndoo inatua mahali ambapo muda mfupi uliopita vibarua walikuwa wamekaa wanakula. Hakuna aliyeguswa. Watu wanamshukuru Mungu, na wana haki ya kushukuru, inafungwa kamba nyingine, kazi inaendelea. Ile iliyokatika inatupwa. Ilichakaa sehemu gani? Nani aliikagua mara ya mwisho? Zilizonunuliwa pamoja nayo zinafanya kazi wapi sasa hivi? Ndoo ile ingemuua mtu, maswali haya yangeulizwa na kila mkubwa mwenye gari. Kamba ni ileile na uchakavu ni uleule. Kilichowaokoa ni saa ya chakula kwisha mapema.

Itifaki ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya mwaka 2002, iliyoongezwa kwenye Mkataba Na. 155 wa usalama na afya kazini, inalitambua tukio la hatari kwa uwezo wake wa kuleta jeraha au ugonjwa, kwa walio kazini au kwa umma. Soma tena: uwezo. Kreni ikilalia barabara ambayo bodaboda wanapita, hilo ni tukio hata kama barabara ilikuwa tupu. Boila ya kiwanda cha mafuta ya alizeti ikipasuka usiku hakuna mtu, ni tukio. Jukwaa la mafundi likiporomoka Jumapili, ni tukio.

Sasa niseme la slaidi. Kuna wakufunzi wanaopakua slaidi za Uingereza, wanabadilisha nembo na kuzifundisha Singida na Dodoma. Kanuni za kule za kuripoti majeraha, magonjwa na matukio ya hatari, RIDDOR za mwaka 2013, ni nzuri, na orodha yao ya matukio ya hatari naitumia kama mfano. Lakini ndani yake kuna "siku 7", na kwetu pia kuna "siku 7", na hizi hazina undugu wowote. Kule, siku 7 ni kipimo cha ukubwa wa jeraha: mfanyakazi akishindwa kufanya kazi zake za kawaida kwa zaidi ya siku 7 mfululizo, ajali inaripotiwa, na mwajiri ana siku 15 tangu ajali itokee. Hapa kwetu, chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, siku 7 ni muda wa mwajiri kuupelekea Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, taarifa ya ajali baada ya kuijua. Unaona hatari yake? Mtu aliyefundishwa kwa slaidi zile anasubiri siku 7 zipite aone kama majeruhi atarudi kazini, halafu ndipo aanze kutafuta fomu. Muda wa kisheria umeishia mikononi mwake, naye anaamini amefuata taratibu.

Kingine, haraka haraka: WCF ni wa fidia, OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ndio wanaosimamia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003. Kupeleka taarifa kwa mmoja hakumfanyi mwingine aijue. Na mchango wa WCF analipa mwajiri. Ukiona umekatwa kwenye mshahara, uliza.

Magonjwa ndiyo yanayopuuzwa zaidi kwa imani hii ya "hajaumia mtu", kwa sababu ugonjwa wa kazini hauna damu wala kelele. Milima yetu hii ni graniti, na graniti ina kwazi, ambayo ni silika. Anayetoboa na kuponda mawe bila maji anavuta vumbi la silika miaka na miaka, na mapafu yanakuja kukakamaa wakati mwingine akiwa ameshaacha kazi ile. Anaanza kukohoa na kukonda, anaambiwa ni kifua kikuu. Huenda ni kweli, maana silikosisi yenyewe, yaani huo ugonjwa wa mapafu wa vumbi la silika, humfungulia kifua kikuu mlango. Anatibiwa kifua kikuu, na hakuna aliyemuuliza alikuwa anafanya kazi gani. Hapa vitabu vinaandika kirahisi mno: "mwajiri ataripoti ugonjwa." Mwajiri yupi? Amepita machimbo manne, mawili yameshafungwa. Na mama anayegonga kokoto zake mwenyewe kando ya barabara hana mwajiri hata mmoja. Mfumo wetu umejengwa juu ya mkataba wa ajira, na vumbi halisomi mkataba. Ninachoweza kumwambia daktari wa zahanati ni hiki: muulize mgonjwa kazi zake zote, siyo ya sasa tu, kisha uziandike.

Halafu kuna mabango ya "siku bila ajali" yenye zawadi ya sukari au fedha mwisho wa mwezi. Mkuu wa zamu gani ataripoti kidole kilichobanwa wakati timu nzima inausubiri mfuko wa sukari? Baada ya mafunzo mazuri taarifa zinapaswa kuongezeka. Meneja anayenipigia simu kulalamika kwamba "ajali zimepanda tangu uje" namwomba anisomee hizo taarifa moja moja.

Nina shaka moja ambayo darasani huwa naitaja. Mwaka 1931 Mmarekani Heinrich, mtu wa kampuni ya bima, alitoa uwiano maarufu: kwa kila jeraha kubwa 1 kuna madogo 29 na matukio 300 yasiyo na jeraha. Wakufunzi wanauchora kama pembetatu na kuukariri kama sala. Takwimu zake za asili hazijaweza kuhakikiwa, na vinavyokata vidole si lazima viwe vinavyoua watu. Kupunguza michubuko hakutaizuia boila kupasuka. Kwa hiyo usihesabu matukio tu. Chambua yale ambayo yangeua, hata kama ni mawili kwa mwaka.

Na unapoandika, andika saa, mahali, kifaa, nani aliona na nini kilibadilishwa baadaye. Piga picha ya kamba kabla haijatupwa. Ukijaza "uzembe wa mfanyakazi" kwenye nafasi ya chanzo, nitakurudishia fomu.