Wabaptisti, Maji na Dhamiri: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Hapa Tanga, ambako Wakristo wengi wamelelewa katika makanisa ya Kianglikana, Kilutheri na Kikatoliki, dhana inayosikika mara nyingi ni kwamba Wabaptisti huamini kuwa maji ndiyo yanayomwokoa mtu, na kwamba yasipokuwa mengi wokovu haujatimia. Anayepita ufukweni siku ya ubatizo si ajabu akadhani hivyo. Mchungaji husubiri bahari ijae hadi kiunoni, humshika mbatizwa aliyekunja mikono kifuani, humlaza chali na kumzamisha mara moja, huku akina mama wakimsubiri mchangani na kanga kavu.

Ukweli ni kinyume chake. Kwa Mbaptisti, mtu huingia majini kwa sababu amekwisha kumwamini Kristo, naye hukiri hadharani kwamba amekufa na kufufuka pamoja naye, kama Paulo anavyofundisha katika Warumi 6. Kwa msingi huohuo mtoto mchanga habatizwi, bali huletwa mbele ya kanisa na kuombewa pamoja na wazazi wake. Wala haifuati kwamba mtoto aliyefariki bila ubatizo amepotea. Maneno hayo hayapaswi kabisa kutamkwa msibani.

Wengine hudhani kuwa dhehebu hili lilianzishwa na Yohana Mbatizaji. Lilianza Amsterdam mwaka 1609, miongoni mwa wakimbizi Waingereza waliokuwa wakiongozwa na John Smyth, na ubatizo wao wa kwanza ulikuwa wa kumiminiwa maji. Kuzamisha kulishika mizizi London miaka ya 1640, na kukaandikwa katika ungamo la imani la mwaka 1644. Kilichotangulia, basi, ni imani ya mtu mwenyewe, ndipo likafuata suala la wingi wa maji. Mchungaji anayempokea mshirika kutoka kanisa lingine na kumtaka abatizwe angefanya vyema kuanza na hilo, tena kwa heshima, maana wazazi waliompeleka kanisani akiwa mchanga walifanya hivyo kwa nia njema.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ile isemayo kwamba watu wenye msimamo mkali juu ya wokovu hawawezi kuwaachia wenzao uhuru wa dini. Thomas Helwys, mwenzake Smyth, alirudi Uingereza na mwaka 1612 akatoa kitabu kilichomweleza Mfalme James kwamba hana mamlaka juu ya roho za raia wake. Aliwatetea hata wanaoitwa wazushi, Wayahudi, na Waislamu, ambao Waingereza wa enzi hizo waliwaita Waturuki. Alifungwa katika gereza la Newgate, na kufikia mwaka 1616 alikuwa amefariki. Hoja yake ilitoka palepale kwenye ubatizo: ikiwa hata mzazi hawezi kuamini kwa niaba ya mwanawe, mfalme ataweza vipi?

Kwa mshirika anayeishi Ngamiani au Makorora, akipakana ukuta na Mwislamu, fundisho hili lina kazi kila siku. Anaruhusiwa kumshuhudia jirani yake, naye anapaswa kumsikiliza jirani akieleza imani yake. Lakini kumvuta kwa mchele au kwa ada ya shule ya mtoto ni kununua kile ambacho Mungu anataka kitolewe kwa hiari. Msaada utolewe kwa sababu jirani ana njaa, na utolewe hivyohivyo hata kama hatakanyaga kanisani maisha yake yote.

Hatimaye wapo wanaodhani kanisa ni mali ya mchungaji. Kwa desturi ya Kibaptisti, kikao cha washirika ndicho kinachopokea washirika wapya, kuchagua mashemasi na kupitisha taarifa ya fedha, na kura ya mama anayeuza samaki katika soko la Deep Sea hapa Tanga ina uzito uleule wa kura ya mwalimu mkuu. Kwa hiyo mama huyo akisimama kuuliza sadaka ya mwezi uliopita imetumikaje, hajamkosea adabu mchungaji wake, na mhasibu anapaswa kumjibu papo hapo, daftari likiwa wazi.