Nasikia baridi

Maji ya kuoshea maiti, kwa sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafii, bora yawe baridi. Maji baridi huukaza mwili, ya moto huulegeza. Kuyapasha kunaruhusiwa ikiwa kuna haja: uchafu ulioganda ukakataa kutoka, au baridi inayomtesa mwosha mwenyewe. Naanza na hukumu hii kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiichezea mwanafunzi wangu kila tulipoitwa kwenye msiba, na leo nataka kueleza habari zake.

Jina lake sitalitaja, wala maradhi yaliyomchukua. Mwosha ana amana: alichokiona kwenye ubao wa kuoshea hukiacha ubaoni. Imepokewa kwamba anayemwosha maiti akamsitiri, Mwenyezi Mungu humsamehe mara arubaini. Kwa hiyo nitaeleza alichokuwa akikifanya kwa mikono yake, basi.

Alikuja kwangu hapa Wete mwaka 2019, ana miaka 17, bado yuko skuli. "Shikamoo bibi. Nataka unifunze kuosha." Nikamwambia hii si kazi ya mwari, arudi akishaolewa. Akarudi wiki ya pili. Mara ya tatu ndipo nilipomkalisha barazani nikamuuliza kisa.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kuja kwetu Pemba. Maiti zilizopatikana zilizidi 200. Wasioonekana ni wengi kuliko walioonekana, na mama yake ni mmoja wao. Baba yake mdogo alikwenda Unguja, akapita kwenye mahema ya Maisara, zilikolazwa maiti, akifunuliwa shuka moja baada ya nyengine, akarudi hana wa kumzika.

Mtoto alikuwa na miaka 9. Kila aliyekuja kuhani alimwambia kwamba mama yake kafa shahidi, na kwamba bahari imeshamwosha. La shahidi ni kweli, hadithi inamtaja aliyekufa maji. La bahari ni maneno ya kumpoza mtoto, na yalimpoza kweli, mpaka siku alipokaa kwenye darsa baada ya alasiri akamsikia ustadhi akisoma kwamba aliyekufa maji akipatikana ni lazima aoshwe, hata kama amelala baharini siku tatu. Kuosha tumeamrishwa sisi tulio hai. Bahari haikuamrishwa kitu.

"Kumbe mama hajaoshwa," aliniambia.

Nikamsomea aya ya mwisho ya Suratul Baqara, kwamba Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Akaitikia kwa adabu, akainuka, akajifunga buibui lake, akauliza, "Basi bibi, Jumamosi nije saa ngapi?"

Kazi yenyewe si ngumu kuifahamu. Faridhi ni maji yaenee mwili wote mara moja, baada ya kuondoa uchafu. Mengine ni sunna, na hayo mengine ndiyo yanayompambanua mwosha na mmwaga maji. Maiti hulazwa pahala pa stara, kafunikwa shuka, na kinachooshwa huoshwa chini ya shuka hiyo. Kisha huinuliwa kidogo, mgongo ukaegemea goti la mwosha, shingo ikashikwa isianguke, na mkono wa kushoto ukapita tumboni taratibu kutoa kilichobaki. Chetezo cha udi kiwe karibu. Hapo tumboni ndipo wengi wetu tunapokosea, tunakandamiza kama tunaokanda unga. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kaburi limeshachimbwa, wanaume wako uani wanakohoa, wanataka wawahi sala ya adhuhuri, na kuharakisha maziko ni sunna. Mkono unakuwa mzito bila kujijua.

Yeye alipitisha mkono kama anayembembeleza mtoto mwenye msokoto. Tena alisema naye: "Bibi, nakuinua sasa. Bibi, nakugeuza ubavu." Mara ya kwanza nilimkata jicho. Baadaye nikaikumbuka hadithi aliyoipokea Bibi Aisha, kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja yu hai, nikaona huyu mtoto kaifahamu kuliko mimi niliyeihifadhi. Nikanyamaza.

Baada ya hapo ni kusafisha meno na pua kwa kitambaa kibichi, kumtawadhisha, kisha kichwa kwa maji ya majani ya mkunazi yaliyofikichwa mpaka yakatoa povu. Ubavu wa kulia mwanzo, halafu wa kushoto. Hufuata maji matupu ya kuondoa povu, na ya mwisho yenye kafuri kidogo. Mara tatu, au tano, au zaidi ikihitajika, lakini iwe witiri, idadi isiyogawika kwa mbili. Haya tumeyapokea kwa Ummu Atiyya, aliyekuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha Zaynab, binti yake Mtume (S.A.W.). Mwanafunzi wangu alikipenda kisa hiki mpaka nikachoka kukisimulia. Alichokipenda ni pale baba anapongoja nje, anaambiwa tumemaliza, anawapa shuka aliyojifunga mwenyewe kiunoni na kusema hii ndiyo iguse mwili wake.

Katika kisa hicho hicho nywele za Zaynab zilisukwa misuko mitatu, ikalazwa nyuma. Kuna waosha hili hawalishughulikii, hasa maiti akiwa bibi kizee, nywele zenyewe chache na nyeupe. Yeye alizichana kwa chanuo la meno mapana, akasuka misuko mitatu myembamba kama ncha ya mkia wa panya, na zilizokatika akazikusanya moja moja. Hizo hazitupwi, hutiwa ndani ya sanda aende nazo mwenyewe.

Sanda ya mwanamke ni vipande vitano: shuka ya kiunoni, kanzu, mtandio, na shuka mbili za kumfunika mwili mzima. Msimu wa karafuu alikuwa akienda kuchambua kwa watu, jioni vidole vimekuwa vyeusi na vinanukia, na pesa yake akanunua bafta, kitambaa cheupe cha sanda. Akakata mwenyewe, akafunga pamoja na pamba na kafuri, akaweka ndani ya sanduku chini ya kitanda. Tukiitwa nyumba isiyo na kitu, alikuja na furushi kwapani. Wenyewe wakiuliza kiasi gani, hujibu, "Ilikuwepo tu nyumbani."

Niseme na hili, maana limenikera siku nyingi: simu. Siku hizi maiti hajafunikwa vizuri, mtu keshampiga picha apeleke kwa ndugu walioko Oman. Yeye alikuwa na kikapu, anakipitisha mlangoni kama cha mchango, kila anayeingia anatia simu yake. Wakubwa zake kwa miaka arubaini walitii.

Na maji. Nilikwambia hukumu. Sasa siku ya kwanza tuliyokwenda pamoja nilimwona anatumbukiza kiwiko ndani ya ndoo, kama anayepima maji ya kumkosha kichanga. "Bibi, haya yatamshitua." Nikamweleza kwa nini baridi ni bora, na nikamweleza zile haja mbili. Akafikiri. "Haja ya pili ni mwosha kusikia baridi?" Nikasema ndiyo. "Basi mimi nasikia baridi." Ilikuwa mwezi wa Machi, jua linapasua embe mtini. Tangu siku hiyo kila nyumba tuliyoingia mtoto wa watu alikuwa anasikia baridi, na sufuria ikabandikwa, na maji yakachanganywa mpaka kiwiko kikaridhika. Nilimkemea mara mbili tatu, kisha nikaacha. Bora si lazima.

Alifariki mwaka 2024, miezi ya Kaskazi, ana miaka 22. Ndani ya sanduku lake tulikuta mafurushi matatu, moja tukamvika yeye. Tulikuwa watatu chumbani: mimi, mwosha mwenzangu, na mama yake mdogo aliyemshika kichwa. Nywele zake nilizisuka mimi, na alikuwa nazo nyingi, mashallah, vidole vyangu vya uzee vilichelewa. Wanaume uani walikohoa, nikawaacha wakohoe.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kabla sijagusa kitu, ndoo za maji ya kisima zilikuwa zimeshapangwa, maji baridi kama vitabu vinavyotaka. Nikatia kiwiko. Nikamwita mtoto aliyesimama nyuma ya pazia nikamwambia, "Nenda jikoni, wabandike sufuria ya maji." Mwenzangu akanitazama. Jasho lilikuwa linanichuruzika mpaka kidevuni.

"Nasikia baridi," nikasema.